Kadi Siyo Damu

Kwamndolwa,
Korogwe.
8 Februari 2026

Mpendwa mjukuu wangu na mke mwenzangu Munira,

Marahaba, najua shikamoo umeshaitoa. Hujambo? Tumbo halijambo? Na Sharifu mumeo, kile kikohozi kimemwacha? Huku tu wazima, ila goti langu la kushoto, na babu yako Mhina ambaye tangu msiba hali mpaka nimgombeze. Mvua imekataa. Mahindi yamesimama kama vijiti.

Nakuandikia kwa mkono wangu, uone herufi zinavyolala, maana kwenye simu unanikatia. Juzi ulinijibu, "Bibi, mimi nilichanjwa, kadi si unayo wewe?" Ukakata. Nimekubeba kwa mgongo huu halafu unanikatia simu! Barua hii anakuletea Yordani, mtoto wa jirani, anakwenda huko Mpanda kazini. Nimemwambia asiondoke mpaka umeisoma yote mbele yake.

Nataka ukapimwe homa ya ini, ile wanayoiita B, kabla hujajifungua. Hilo ndilo lililonikalisha hapa.

Mazishi ya mdogo wako hukuwahi, na sikulaumu, mimba ya miezi saba haisafirishwi njia yote hiyo. Lakini hukumwona. Mustapha, mjukuu na mume wangu yule wa utani, aliyekuwa akinunua mbuzi mnadani Handeni na kuwabeba wawili begani, mwisho nilikuwa namgeuza kitandani peke yangu. Macho manjano. Tumbo limejaa maji, miguu imebaki mifupa. Miaka ishirini, Munira. Ini lilikuwa limeshaota uvimbe.

Naye alichanjwa. Sindano zote, kama wewe. Tena mwaka juzi walimpima kwa kile kipimo cha haraka, kikasema hana kitu.

Nilimuuliza daktari wa mkoani, kijana mmoja anaitwa Deogratius, imekuwaje. Hakunificha. Alisema chanjo inaufundisha mwili kumtambua kirusi kwa sura yake ya nje. Wengine wanabadilika sura, chanjo isiwatambue, na mara nyingine hata kipimo kisiwaone. Nikamwambia kumbe ni kama mwizi wa ng'ombe anayeharibu chapa, mwenye mali anampita ng'ombe wake mnadani hamjui. Akasema, "Ndivyo hivyo, bibi." Akasema pia si wengi wanaopatwa hivyo, na chanjo inaokoa watu wengi mno. Kwa hiyo usije ukanigeuzia maneno ukaacha kumchanja mwanao. Nitakuja na fimbo.

Mjomba wako Ukasha alitoka Mashewa na mganga wake. Ananiambia, "Mama, kijana kafungwa ini huyu." Nikamwambia aliyefungwa ni wewe, umefungwa akili, na huyo mganga wako atoke uani kwangu kabla sijamwaga maji ya moto. Lekakeny, yule Mmasai rafiki wa marehemu, alimshika mganga mkono akamfikisha barabarani. Hapo tu ndipo Mustapha alipocheka. Hakucheka tena.

Sasa nisikilize, maana hili sijamwambia hata babu yako.

Mama yenu Zuena alipofariki, miaka kumi sasa, alikufa na macho yale yale na tumbo lile lile. Daktari wa wakati ule aliniambia ugonjwa huu mama humpa mtoto akizaliwa, niwalete nyinyi wawili mpimwe. Mimi nikaenda na kadi. Nyinyi niliwaacha shambani mnapalilia. Nikazitoa kwenye kile kibati changu cha majani ya chai, nikamwekea mezani, kila mstari umejazwa, maana hakuna mwanamke Kwamndolwa aliyepeleka watoto kliniki kama mimi. Akaniambia, "Mama, kadi siyo damu. Lete watoto." Nikamwona ana dharau. Nikachukua kadi zangu nikarudi nyumbani, na sikurudi tena. Nikawafundisha na nyinyi kujibu hivyo hivyo, kwamba mmechanjwa na kadi zipo. Ile sauti uliyonikatia nayo simu ni yangu.

Kwa hiyo nenda. Usiseme umechanjwa tu ukanyamaza. Sema mama yangu alikufa kwa hili, mdogo wangu amekufa kwa hili naye alichanjwa, na kipimo cha haraka kilisema hana. Omba kipimo kikubwa cha damu, kinachomtafuta kirusi mwenyewe. Ukikutwa na ugonjwa zipo dawa zako, na mtoto anachomwa sindano siku ile ile anayozaliwa, si wiki ya sita kama nilivyowapeleka nyinyi. Sharifu naye apimwe, asijifanye chuma.

Kadi yako nimeitia humu. Nyuma hakujaandikwa kitu. Mwambie daktari aandike hapo majibu ya damu, uipige picha uitume kwa simu ya Ukasha, yangu haipokei picha, ataniletea niisome. Ya Mustapha nimeigeuza mara nyingi. Nyuma ni nyeupe.

Babu yako anakusalimu, anasema mtoto akiwa wa kike hana haja ya mahari. Ukasha anakusalimu, mpokee tu. Lekakeny naye, amesema kuna mbuzi wa mtoto. Mungu akufungue salama, akuache uzeeke mpaka uwe mkali kuliko mimi.

Ni mimi bibi yako, ninayekupenda na niliyekukosea,

Rukaya