Kompyuta ya Ibrahimu Imechemka Tena

Jumatatu, 4 Agosti

Ibrahimu kaja kibandani. Kompyuta yake ya gemu kaipakata kwenye bajaji kama mgonjwa. Anasema akicheza robo saa tu, picha zinakatika, feni zinalia, kisha ndii — giza. Na huu ni msimu wa kipupwe! Tanga nzima inajifunika mashuka, yake ndiyo inatoka jasho.

Nimefungua. Kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, ina vumbi, lakini si vumbi la kuua. Nimepuliza. Nimefuta pesti ya kupitishia joto, imekauka kama ugali wa juzi, nimepaka mpya. Nikamwonyesha plagi ndogo ya feni ubavuni mwa kadi, ina kikucha, haitoki mpaka uibane hivi. Hii ikitoka, feni hazizunguki, kadi inaungua. Akainama kuangalia, karibu kweli. Anatumia sabuni nzuri.

Nimeijaribu hapa saa nzima. Nyuzijoto sitini na nane, imetulia tuli. Kwangu haiumwi. Basi ugonjwa uko kwao.

Kaniaga "ahsante, fundi wangu." Hilo "wangu" nimelitafuna mpaka nyumbani.

Jumanne, 5 Agosti

Imezima tena. Nimeitwa kwao, hapahapa Chumbageni, mtaa wa pili. Nilijipaka marashi kidogo — ya kukagulia kompyuta.

Mama yake, Bi Tausi, yuko sebuleni. Shikamoo. Marahaba, karibu fundi. Nyumba ya Bi Tausi kila kitu kimevaa. Televisheni ina kitambaa, friji lina kitambaa, rimoti iko ndani ya nailoni tangu iliponunuliwa. Na kompyuta! Imefunikwa gubigubi kitambaa cha kufuma, kizito, rangi ya waridi, marinda mpaka chini. Matundu yote ya kutolea hewa yamezibwa. Inachezewa hivyohivyo, imejitanda.

Ugonjwa niliujua kabla sijavua viatu.

Nikauliza, kizuri hiki, kafuma nani? Bi Tausi uso ukang'aa. "Mwanangu Nasma huyo, wa nyumba ya jirani. Ana mikono, mtoto yule! Kitu cha thamani hakikai uchi, fundi."

Nasma ni "mwanangu". Mimi ni "fundi".

Sikusema. Ningesema "kitoeni", wangeona nina kijicho. Na kijicho ninacho, ndiyo sababu sikutaka kionekane. Halafu — ikipona, Ibrahimu atakuja kufuata nini kibandani? Nimefunua, nimepuliza palipokwisha pulizwa, nimesema "tuiangalie kwanza." Kitambaa nikakirudisha mwenyewe. Hata marinda nikayanyoosha.

Shetani akipumzika, mimi nipo.

Alhamisi, 7 Agosti

Imezima mara mbili. Ibrahimu kaja mwenyewe bila kompyuta, kaja na mihogo ya kukaanga. Tumekula. Kanihadithia vijana wa Korogwe anaocheza nao mtandaoni, jinsi anavyowafunga mabao halafu mashine inazima na wao wanamwita mkimbizi. Nimecheka mpaka nimepaliwa.

Kisha, huku anatafuta pilipili: Mama anapeleka posa Mkwaja, kijijini kwa wazee wa Nasma. Jumapili ya tarehe kumi na saba.

Nikamwuliza, na wewe?

"Mama ndiye anayetaka."

Hilo si jibu. Nikampa pilipili. Yote.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima, nimefunga kibanda. Nasma kanifuata nyumbani. Ningependa niandike kwamba ana maringo. Hana! Kakaa mkekani, kamsalimia bibi yangu vizuri, kavua viatu kavipanga.

"Dada Mwamvua, eti kompyuta ya Ibra itapona? Maana hata kula hali." Halafu akauliza: labda ni vumbi linaingia — akifuma kingine, kinene zaidi, itasaidia?

Ibra! Mimi mwaka mzima namwita Ibrahimu, silabi zote nne.

Nikamjibu kuwa vumbi ni adui mkubwa. Si uongo. Si ukweli pia.

Kaniletea zawadi, kitambaa cha redio yangu. Kijani, kina vimaua. Kizuri. Hicho ndicho kinachoniuma.

Jumapili, 10 Agosti

Ibrahimu kapiga simu asubuhi, sauti imepanda. Harufu ya plastiki! Nyuzi tisini na sita!

Nilikaa kitandani nikijiambia iache iungue. Sikuweza. Kompyuta haijanikosea kitu.

Nimekuta kitambaa kipya juu ya kile cha zamani. Viwili! Nasma amesimama kando kama mzazi wa mgonjwa. Nikasema mbele yao wote: ni vitambaa. Inavuta hewa, inakosa pa kuitolea.

Bi Tausi: "Makubwa haya! Uzi utachomaje chuma? Fundi, useme tu kama una lako."

Langu ninalo, kweli. Lakini sikubishana. Nikamwambia Ibrahimu acheze, nikavifunua. Tukaitazama namba kwenye kioo. Tisini na tatu. Themanini na tano. Sabini na moja. Ikatulia hapo. Hata Bi Tausi alisogea kutazama, akajitia anatafuta miwani.

Nasma alivikunja vitambaa vyake polepole, pembe kwa pembe. "Basi nilikuwa naiua mimi," kasema. Kaondoka navyo. Nilishinda, na nilijiona kama mtu aliyeiba kuku.

Bi Tausi: "Ahsante fundi. Kazi imekwisha."

Ibrahimu kanisindikiza hadi mlangoni. Kwa hiyo haitazima tena? Nikasema haitazima. "Hata kidogo?" Hata kidogo. Akashika komeo la mlango, akalichezea. Nilidhani ni furaha.

Jumanne, 12 Agosti

Bajaji nje. Ibrahimu. Kompyuta kaipakata.

"Imechemka tena."

Nikauliza, kitambaa? Nasma hajarudi navyo, alivichukua vyote. Mama kafunika kitu? Hajafunika. Peke yake tu, ikapata moto, akaizima.

Nimefungua. Kadi safi. Pesti yangu bado mbichi. Na ile plagi ya feni — nje! Inaning'inia. Haijakatika, haijalegea. Kikucha chake kizima. Imebanwa, ikavutwa, kwa adabu kabisa, vilevile nilivyoonyesha. Bi Tausi hawezi kujua kitu hiki kipo. Nasma hakuwapo.

Nikamtazama. Anakagua utando wa buibui kwenye dari langu.

"Itachukua muda gani?" kaliuliza dari.

Kuirudisha ni kubonyeza mara moja. Nikamwambia hii ni kazi ngumu. Labda mpaka Jumatatu.

"Jumatatu ni baada ya Jumapili ya posa," kasema.

Najua, nikamjibu. Na nyumbani utasema nini?

Akacheka, kidogo, halafu akaacha kucheka. Kasema anakwenda kununua mihogo, arudi, anieleze jambo. Ametoka kwa mlango wa nyuma.

Naandika haraka. Huko mbele ng'ambo ya barabara nawaona Bi Tausi na Nasma, wamesimama wanasubiri lori lipite. Bi Tausi ananyoosha kidole kibandani kwangu. Kadi iko wazi mezani, plagi inaning'inia — hata asiyejua kompyuta ataona kuna kitu kimechomolewa kwa mkono.

Kidole changu kiko juu yake. Nikibonyeza, imepona, hakuna Jumatatu tena; nisipobonyeza, wataona. Nibonyeze, nisibonyeze —

Lori limepita.