Kisanduku Kilichofuta Jina la Mama Rispa

Migori, Jumanne, Aprili 1997. Asubuhi imenyesha; mchana jua limewaka kana kwamba mvua haikuwahi kuwapo. Hali ya moyo wangu: imara, ingawa si safi.

Nikiri mapema. Jana nilimdhulumu mjane kwa lugha fasaha.

Mimi huwaandikia watu barua za malalamiko, na orodha ya wanaopinga mipaka ya mashamba yao naihifadhi katika kompyuta. Ijumaa niliichapisha nikaipeleka Homa Bay kwa afisa wa ardhi. Keshokutwa ataanza kusikiliza, na asiyekuwamo katika orodha hatasikilizwa. Jana Mama Rispa wa Sori alikuja kuniomba nimsomee jina lake. Halikuwamo. Nikamjibu kwamba kumbukumbu zangu hazionyeshi kuwa aliwahi kuwasilisha pingamizi lolote.

"Karani, wacha kunisomea gazeti," akasema. "Mimi nilikaa kwa hii stuli. Ukasoma barua yangu mpaka nikalia. Kwani hiyo TV yako imenimeza?"

Sikulala vyema. Leo nimefungua chumba kabla mashine ya posho ya jirani haijaanza kusaga.

Programu hii niliiunda mwenyewe, kwa kitabu cha kuazima na kamusi. Kwa sababu hiyo nilishuku kila kitu isipokuwa yenyewe: printa, umeme, disketi. Washukiwa walipoisha, ndipo nilipoitazama.

Shamba la Mama Rispa lilikuwamo, na malalamiko yake yote pia. Lakini mahali pa jina palisomeka Mzee Chacha wa Ntimaru, ambaye ana rekodi yake halali kwingineko. Chacha mara mbili, Rispa hayumo hata mara moja.

Nikatengeneza jedwali la majaribio lenye watu watatu wa kubuni. Skrini ikiwa kwa wa kwanza, nikaandika jina la wa tatu katika kisanduku cha jina na kubonyeza kitufe cha kutafuta. Akaja. Nikarudi nyuma kumwangalia wa kwanza.

Hayupo. Amekuwa wa tatu.

Kisanduku cha jina kimefungwa moja kwa moja na jedwali: chochote uandikacho ndani yake huhifadhiwa jedwalini mara uiachapo rekodi ile. Zamani nilikuwa na kisanduku cha pili, kisichofungwa na chochote, kwa ajili ya kutafutia tu. Nilikiondoa mwezi uliopita ili fomu ya skrini impendeze afisa akija kuiona. Tangu siku hiyo, kila niliyemtafuta alichukua nafasi ya yule aliyekuwa kwenye skrini.

Niliirembesha fomu, nikafuta watu.

Nimekirudisha kile kisanduku huru, nikajaribu hadi vidole vikachoka. Kisha nikalinganisha kila rekodi na nakala za kaboni za barua zangu. Walikuwa wamepotea watu wanne. Sasa wamo wote. Lakini orodha iliyo mezani kwa afisa bado ni ile ya Ijumaa.

Alasiri Mama Rispa alirudi kutoka kwa binti yake anakolala. Nikamweleza kwa utaratibu, visanduku na jedwali.

"Sasa aliyekosea ni nani? Wewe ama hiyo kitu?"

"Ni mimi, Mama."

"Haya. Kesho tunaenda Homa Bay sisi wawili. Nataka nisikie ukimwambia afisa hivyo. Na usitumie hiyo Kiswahili ya redio, atalala."

Barua ya kuambatanisha nimeiandika mara tatu. Mara mbili maneno "hitilafu ya mitambo" yamejipenyeza bila ruhusa yangu, na mara mbili nimeyakata. Iliyobaki inasema: Nilikosea. Tafadhali wasikilize watu hawa wanne. Naiona iko uchi, haina hata salamu ya heshima ya aya nzima. Nimeitia saini hivyo hivyo.

Je, afisa ataikubali orodha ya pili? Sijui. Akiikataa, nitaketi kwenye benchi lake pamoja na Mama Rispa hadi abadili nia, na mzungumzaji atakuwa Mama.