Pale Bi Somoe Aliponyamaza

Jumatatu, 4 Agosti

Wimbo wa saba tena, wa ile rekodi ya Kiswere. Nimeusikiliza leo kati ya mteja na mteja. Mtu analeta cheti nimtolee kopi, navua hedifoni, natoa kopi, navaa tena. Dakika ya nne na kidogo. Mama Mkubwa anaanza ubeti wa tatu, anafika katikati ya mstari, ananyamaza.

Sekunde tisa. Nimezihesabu. Ngoma zinaendelea lakini zimelegea, nadhani wapigaji walikuwa wanatazamana. Mtoto analia. Jenereta linanguruma. Halafu sauti moja ya mwanamke, kutoka huko kwa watu, inaumalizia ule mstari. Halafu sauti mbili. Halafu uwanja mzima wa Kiswere.

Mashabiki wa Mama Mkubwa, Bi Somoe wao, wanapapenda hapo kuliko pote. Wamepaita: "pale Bi Somoe aliponyamaza." Wanasema aliwaachia wimbo makusudi, ufundi wa mwimbaji aliyekomaa.

Mimi nilikuwa nyuma yake, hatua mbili. Aligeuka akaniuliza taratibu, "Rukia, tunaimba nini?"

Sijamwambia mtu.

Jumatano, 6 Agosti

Fundi Kassim, aliyeturekodi, ametuma kazi yake kutoka Dar. Jenereta ameliondoa, hapo nampongeza. Mtoto pia kamwondoa. Wimbo wa pili na wa tano ameweka kinanda, kama harusi ya ukumbini. Na mwisho wa kila wimbo ameweka makofi ambayo si yetu. Kuna watu wanapiga miluzi. Kiswere hakuna aliyepiga mluzi, kina mama walipiga vigelegele. Sijui ni makofi ya mpira wa wapi.

Wimbo wa saba amefanya nilivyomwomba. Amechukua ubeti wa tatu kutoka mazoezi yetu ya Njinjo, akaushona pale kwenye ukimya. Kiraka hakionekani. Mama Mkubwa anaimba mwanzo mpaka mwisho kama mtu asiye na tatizo lolote. Ule uwanja ulioitikia haupo tena.

Nimesikia nafuu. Kisha nikajichukia.

Saa sita mchana Mama Mkubwa akapiga. "Pale mmepatoa?"

Nikamwambia ndiyo, fundi amepatoa. Akasema alhamdulillahi, akauliza hali ya mume wangu na watoto, akakata. Baada ya robo saa akapiga tena. "Pale mmepatoa?"

Niandike, maana nikiendelea kubeba peke yangu nitapasuka. Mwezi wa nne nilimpeleka hospitali Lindi. Daktari alisema kumbukumbu zinaondoka na hazitarudi, dawa zitapunguza mwendo tu. Kwenye basi la kurudi Mama Mkubwa alinishika mkono akaniapisha. Alisema siku watu wakijua, hawatamsikiliza tena. Watamhurumia. Nikaapa. Yeye ndiye aliyenilea tangu mama yangu, mdogo wake, alipofariki nikiwa darasa la pili. Ningekataaje? Na umeneja wenyewe wa ngoma yake nimeupata kwa sababu nina kompyuta na najua kuandika barua. Hakuna sababu nyingine.

Alhamisi, 7 Agosti

Kundi la mashabiki kwenye simu linawaka moto. Wanataka kuisikiliza kazi kabla haijatoka. Mwalimu Nandonde, mstaafu wa huko Rondo ambaye ndiye mkubwa wao, ameandika ujumbe wenye aya sita. Makofi ya watu yaachwe. Kina mama wasikike. Kinanda kisiongezwe. Na pale Bi Somoe aliponyamaza paguswe na mtu yeyote ila kwa ruhusa yao. Alimaanisha pasiguswe.

Wana haki. Siku ile wao ndio waliotuombea uwanja wa shule, wakaleta jenereta na mikeka, wakapika. Bila wao tungeimbia ukuta.

Jumamosi tunakutana Kiswere. Tangu asubuhi natafuta sababu ya kutokwenda. Sina.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimerudi.

Tulikaa darasa la tano, kwenye madawati ya watoto. Watu kama ishirini na tano. Nilimwamkia Mwalimu shikamoo, akaitika, akaniwekea kiti mbele kama mshitakiwa. Nikaweka spika mezani.

Kinanda walikikataa ndani ya dakika moja. Makofi waliyacheka mpaka mama mmoja akafuta machozi kwa kanga. Nikasema makofi yatatoka, kinanda kitatoka. Nikafikiri labda watatosheka.

Ukaja wimbo wa saba. Ukapita pale. Ukaendelea.

Mwalimu akasema, "Rudisha nyuma."

Nikarudisha.

"Sisi tuko wapi hapa?"

Nikasema mitambo ilikuwa na hitilafu. Nilisema bila kufikiri, yakatoka tu. Nikasema kile kipande kiliharibika, fundi akalazimika kuziba.

Mwanamke mmoja nyuma akasimama. Anaitwa Tatu, anauza maandazi hapohapo Kiswere. Alikuwa hajasema neno tangu mwanzo. Alisema, "Dada Rukia, ile sauti ya kwanza iliyoitikia ni ya mama yangu. Wiki moja baada ya siku ile alianguka. Arobaini yake tumeisoma juzi Alhamisi. Sina sauti yake pengine popote. Hata kwenye simu sina. Naomba hicho kipande hivyohivyo kilivyoharibika."

Nikasema nitamuuliza fundi.

Mwalimu alinisindikiza mpaka barabarani. Alisema amefundisha miaka thelathini na nne, anamjua mtoto anayedanganya kwa namna anavyoshika kalamu. Kisha akaniaga vizuri tu. Ningependa angenitukana.

Jumatatu, 11 Agosti

Fundi Kassim kapiga, amewaka. Kuna shabiki amemtafuta, akamwuliza kwa nini alikuja kurekodi na mitambo mibovu. Mwingine ameandika mtandaoni. "Meneja, mimi jina langu ndiyo ofisi yangu. Umewaambia nini hao watu?"

Nimemwambia nitasahihisha. Akauliza lini. Nikasema karibuni.

Nikisema ukweli navunja kiapo. Nikinyamaza namharibia mtu riziki na namnyima Tatu mama yake. Nikirudisha kipande nimemsaliti Mama Mkubwa. Nikikificha, nimewaficha watu waliotupikia.

Usiku silali, mchana nasinzia kwenye kaunta. Mume wangu anasema achana na mambo ya ngoma. Kama vile ngoma ni shati, mtu anavua.

Jumatano, 13 Agosti

Sikufungua duka. Kesho naenda Njinjo.

Alhamisi, 14 Agosti

Nilifika Njinjo saa nne na nusu, nimejaa vumbi la pikipiki kutoka Nangurukuru. Mama Mkubwa alikuwa uani na binti yake Zaina, wanaanika mbaazi. Alinitambua mara moja. Alipiga kigelegele. Kwa dakika ile nikafikiri daktari alikosea.

Nilisubiri Zaina aende kisimani. Nikamweleza yote. Mkutano, uongo wangu, fundi, Tatu na mama yake. Alinisikiliza vizuri. Kisha akauliza, "Kiswere tulikwenda lini?"

Nikamvalisha hedifoni. Nikampigia wimbo wa saba kama ulivyorekodiwa, bila kiraka.

Alifumba macho. Mdomo ukawa unacheza. Alipofika pale, mdomo wake pia ukasimama. Hata leo mstari hakuupata. Nilimwona anautafuta, uso umekaza kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Kisha watu wakaitikia, na nikaona mabega yake yanashuka.

Alivua hedifoni mwenyewe.

"Yule mwanamke," alisema, "wa kwanza. Ndiye aliyekufa?"

"Ndiye, mama."

"Alinishika mkono mbele za watu na mimi sikumjua." Akajifuta uso kwa upande wa kanga. "Pasitolewe. Waambie nilisahau. Kusahau si aibu, kila mtu husahau. Ila usiwaambie naumwa."

Nikamwuliza mara mbili. Mara mbili akasema pasitolewe. Nikambusu mikono.

Njia nzima ya kurudi kwangu Masoko nilikuwa mwepesi. Nilinunua machungwa Nangurukuru nikala yote.

Ijumaa, 15 Agosti

Saa moja asubuhi simu. "Rukia, pale mmepatoa?"

Nikamkumbusha. Nilikuja jana, tuliongea, ulisikiliza, ulisema pabaki.

"Jana sikukuona."

Nikamwambia amuulize Zaina. Nikasikia wanaongea. Akarudi kwenye simu, sauti imebadilika, ya woga na hasira pamoja. "Sawa, ulikuja. Lakini mimi siwezi kusema neno hilo. Mtu mzima aachwe anaduwaa mbele ya dunia nzima? Nimekulea, Rukia. Patoe."

Nilisema ndiyo, mama.

Zaina hakuwepo tulipoongea, mimi ndiye niliyemsubiri aondoke. Ningejua ningemwacha akae. Sasa hata mimi najiuliza. Je, nilimlazimisha? Wa jana ndiye Mama Mkubwa, au wa leo? Wa jana alikuwa amesikiliza. Wa leo ana hofu tu. Lakini wa leo ndiye aliye hai leo, na kesho atakuwa mwingine, naye ataniambia patoe.

Nimekwama. Hakuna mlango ambao nikitoka sitamkanyaga mtu.

Jumapili, 17 Agosti

Nimeamua. Sijui kama ni sawa. Nimeamua kumtii yule aliyesikiliza.

Asubuhi niliandika kwenye kundi la mashabiki. Niliandika mara nne nikifuta. Mwisho nikaandika hivi: mitambo haikuwa na hitilafu, nilidanganya, Fundi Kassim hana kosa. Bi Somoe alisahau mstari. Mkamsaidia. Kipande kitabaki kama kilivyo.

Basi. Sikuongeza lolote. Kiapo nimekishika nusu. Sijui kama kiapo kina nusu.

Wengine walikasirika. Mmoja aliandika kwamba ameusifia ufundi ule miezi miwili kwa kila mtu, kumbe ni kusahau. Sasa anaonekana mjinga. Mwalimu Nandonde hakuandika kitu kundini. Alinipigia. Alisema, "Ahsante, mwanangu." Kisha akasema, "Mke wangu naye alianza na nyimbo." Sikukubali wala sikukataa. Hakuniuliza.

Tatu alituma ujumbe wa sauti. Analia tu, hakuna maneno.

Fundi Kassim ameridhika, ila amelalamika kuhusu mtoto anayelia. Nimemwambia mtoto naye arudi. Makofi ya watu wa mpira ayatoe. Kinanda akitoe. Amesema tunatengeneza kelele, si albamu. Nimemwambia atutengenezee kelele safi.

Jumatano, 20 Agosti

Mama Mkubwa kapiga. Pale mmepatoa? Ndiyo, mama.

Ijumaa, 22 Agosti

Kapiga mara mbili. Ndiyo, mama. Ndiyo, mama.

Jumamosi, 13 Septemba

Albamu imetoka. Redio moja ya huku iliupiga wimbo wa saba jana saa kumi jioni, wote, na ukimya wake wote. Nilikuwa dukani. Mteja aliyekuwa anasubiri alidhani redio imekata, akainyooshea mkono kuigonga. Kisha watu wa Kiswere wakaitikia, akaurudisha mkono.

Tatu ameniambia ameuweka kwenye simu, anausikiliza akiwa anakanda unga. Anausikiliza mpaka sauti ya mama yake, anazima. Hauendelezi.

Zaina nimemwomba redio asiiwashe hapo nyumbani kwa sasa. Amekubali. Kwa hiyo mwimbaji peke yake ndiye asiyeisikia albamu yake. Mimi ndiye niliyelipanga hilo. Meneja.

Jana Mama Mkubwa alipiga mara tatu. Kila mara ananiomba upya, na kila mara ana aibu ileile mpya, kama jeraha ambalo halishiki kigaga. Na mimi kila mara namdanganya upya. Nimemwomba Mungu, Mama Mkubwa aache kuniuliza. Niliomba kwa maneno hayohayo, nimeketi kwenye mkeka, mikono juu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Joto. Watu wengi wako kwenye mikorosho, mji umetulia.

Mama Mkubwa hakupiga juma zima. Leo baada ya swala nilipiga mimi. Zaina akampa simu. Shikamoo, mama. Marahaba, mwanangu. Yuko uani anapukuchua mbaazi za mwisho. Amesema zimetoka nzuri ila nguruwe wamekula za upande wa bondeni. Akaniuliza kama Masoko kuna samaki. Nikasema wapo. Akasema ana hamu ya nguru mkavu, wa Njinjo wanaletwa wamechoka. Tukaongea robo saa. Sauti yake nzuri, haina haraka.

Nilikuwa nalisubiri swali. Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Swali halikuja.

Nikamtajia Kiswere, kwa makusudi. Akasema, "Kiswere kuna watu wazuri?" Nikasema, ndiyo, mama, kuna watu wazuri sana. Akasema nimsalimie kila mtu. Tukaagana.

Kesho asubuhi nitakwenda sokoni kumtafutia nguru.