Gauni la Chiriku

Jumapili, 5 Mei
Parokiani leo siku ya watu wenye mahitaji maalumu. Bango jipya getini: KANISA NI LA WOTE. Mdogo wangu Chiriku kakalishwa benchi la mbele, kapigwa picha na mwenyekiti wa parokia. Mahubiri marefu, yote kuhusu wao — na hakuna wa kumtafsiria! Nikamtafsiria mimi, nimechuchumaa pembeni kama fundi bomba. Hasikii tangu kuzaliwa, ila umbea! Mikono haitulii, ndiyo maana tunamwita Chiriku. Akaniuliza kwa ishara mbona Padre anatoka jasho hivyo. Nikacheka. Mama mmoja wa kwaya akanifinya.

Jumatano, 8 Mei
Jumamosi mtihani wa Komunyo ya Kwanza. Chiriku anaijua Baba Yetu yote kwa mikono. Ishara nilijifundisha kwenye simu, bando likiisha tunatunga zetu jikoni. Mama kashona gauni. Jeupe pee!

Jumamosi, 11 Mei
Nimeharibu. Mimi!
Katekista anauliza, natafsiri, Chiriku anajibu, nasema. Safi. Swali la mwisho: katika Komunyo tunampokea nani? Hilo tumelirudia mpaka kwenye kufua! Furaha ikanipanda. Mikono yake bado iko hewani, mdomo wangu ushamaliza. Katekista akafunga kitabu.
"Mwanangu, nani anafanya mtihani hapa?"
Nikabisha. Nikapayuka. Chiriku ananivuta shati — kasema nini? kasema nini? Sikumtafsiria.

Jumanne, 14 Mei
Mama kaenda kwa Padre. Kapokelewa vizuri, chai na kila kitu. Chiriku atapokea, kasema Padre, kwa nini asipokee! Ila si Jumapili hii na wenzake. Baadaye, Misa ya wagonjwa, asije akasumbuliwa na msongamano. Mgonjwa wa nini? Hata mafua hana! Mama anasema tushukuru. Anasema ningelifunga hili domo, sasa hivi tungekuwa tunaazima viti vya wageni. Kweli. Ndiyo maana inachoma. Lakini mbona hawakumwuliza upya, na mtafsiri mwingine? Picha wameshaibandika nje ya kanisa. Chiriku anacheka na mwenyekiti.

Jumapili, 19 Mei
Asubuhi. Chiriku hajaambiwa. Mama kaniachia mimi, eti mimi ndiye mdomo wake. Tangu Jumanne napiga chenga. Na ameshavaa gauni!
Nikaanza: leo hapana. Akaidaka mikono yangu, akaibana — kama unavyomziba mtu mdomo. Alipoiachia, akalijibu lile swali la katekista. Polepole. Mpaka mwisho. Safari hii sikumkatiza.
Naandika nimesimama. Kengele ya kwanza imelia. Yeye hakuisikia, ila kawaona watoto wa jirani wakipita na mishumaa. Kasimama mlangoni, viatu mguuni, ananipungia: haraka. Mama anauliza kutoka chumbani kama nimeshamwambia. Nimemjibu: yeye ndiye kaniambia. Tunakwenda kanisani.