Kabureta Iliyokaa Chini ya Ngazi Zangu

Nyumba 418, Mtaa wa Clemens,
Lansing, Michigan.
22 Septemba 2019

Mpendwa Shangazi Wanda,

Shikamoo, Shangazi. Nyonga inaendeleaje? Ndugu yangu Dale kaniambia umeshaiacha fimbo na unakwenda kanisani kwa miguu yako. Nilifurahi sana, ingawa ningependa habari hiyo niipate kwako kwanza na si kwake. Joto la Arizona bado linawaunguza? Huku asubuhi tumeanza kuvaa sweta.

Mimi ni mzima, isipokuwa magoti. Mama, wifi yako, ametimiza miaka themanini na saba. Anakula vizuri, na anasikia yale tu anayotaka kuyasikia.

Bila shaka Dale amekutumia kile kipande cha gazeti kuhusu gari la Baba, kile kinachosema amerithi mikono ya baba yake. Mimi nimekisoma mara nne. Baada ya mara ya nne nilikitandika chini ya bakuli la paka.

Wewe ulikuwepo, Shangazi, hakuna haja nikusimulie. Kaka yako alipolileta nyumbani lile gari la Oldsmobile mwaka 1968, jipya, limetoka kiwandani alikokuwa akifanya kazi, Dale alikuwa na miaka kumi na hakujali kitu ila magongo yake ya hoki ya barafuni. Aliyelala chini ya gari na Baba, mafuta yakimdondokea kwenye nywele, ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tano Baba alipoamua kulipeleka kwenye mbio za magari za Jumamosi. Tuliitoa pamoja kabureta ya kiwandani, tukafunga nyingine kubwa zaidi ili injini ivute petroli nyingi. Ile ya kwanza niliiosha kwa petroli, nikaifunga kwenye magazeti, Baba akaitia kwenye boksi.

Kisha akafariki, na gari akamwachia Dale. Hakutoa sababu. Nilimpa Dale mkono mbele za watu, halafu nikaenda kulia dukani, mbele ya friji za maziwa.

Miaka miwili iliyopita Dale alilifungua gari lote, akaapa atalirudisha kama lilivyotoka kiwandani. Bolti kwa bolti. Hadi zile alama za chaki ambazo wakaguzi wa kiwanda walikuwa wakichora ndani ya boneti, naye alizichora upya akitazama picha za zamani. Ikawa kila Jumamosi wanaume wa mtaa mzima wamesimama gerejini kwake, mikono kifuani, wakiguna kwa heshima. Siku moja niliwapelekea saladi ya viazi, Dale akawaambia, "Mnamwona dada yangu huyu? Zamani ndiye aliyekuwa akimshikia Baba spana."

Kumshikia spana! Niliweka bakuli chini nikaondoka kabla sijalitupa.

Wiki iliyofuata akaja kwangu. Kila kitu kilikuwa kimekamilika ila kabureta. Waamuzi wa maonyesho ya magari ya zamani wanasoma namba, akasema, na ile iliyotoka kiwandani pamoja na gari ina namba zake.

"Roz, hukumbuki Baba aliipeleka wapi?"

"Sikumbuki."

Shangazi, tulikuwa tumekaa jikoni kwangu, hatua sita kutoka kwenye ngazi za kushukia chini. Boksi lilikuwa chini ya ngazi hizo tangu tulipouza nyumba ya wazazi. Nilimmiminia kahawa. Sikumwaga hata tone, na hilo ndilo linalonitia aibu kuliko uongo wenyewe.

Akatafuta hadi Toledo, hadi Indiana. Mwishowe akafunga nyingine ya kufanana na hiyo. Mwezi wa nane, kwenye maonyesho, mwamuzi aliinama na tochi, akasoma namba, akatikisa kichwa. Dale akawa wa pili. Mimi nilinunua aiskrimu ya vijiko viwili nikaila kwa furaha, mama mtu mzima mwenye wajukuu.

Siku ya kuzaliwa kwa Mama tulikusanyika kwa Dale. Pierogi zilizojaa viazi na jibini zilikuwa mezani, na Dale bado akiililia kabureta yake. Mama akanyanyua uso kutoka kwenye sahani.

"Mnatafuta nini siku zote hizi? Si lile boksi la baba yenu, Casimir? Liko kwa Roz. Mimi mwenyewe nililipakia kwenye gari lake."

Dale akanigeukia.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Toka lini?"

"Toka siku zote, Dale."

Hakupiga kelele, na ningeona nafuu kama angepiga. Alikunja kitambaa chake cha mezani taratibu, akatoka nje. Wiki tatu simu yake haikuita kwangu, wala yangu kwake.

Alhamisi moja akabisha hodi. Hakusalimia, aliteremka moja kwa moja, akaliburuta boksi mpaka kwenye mwanga. Alipoinua kifuniko, kumbe ndani yake Baba alikuwa ameandika kwa penseli: "Ya Roz. Dale, usiguse."

Mimi sikuwahi kulifungua boksi lile, Shangazi. Sikujua.

Dale alicheka, kisha kicheko kikakatika. Akakaa kwenye ngazi.

"Ananitaja mara moja tu, na hapo ni kunifukuza," akasema. "Unajua kwa nini aliniachia gari? Kwa sababu hakuwahi kunipa kitu kingine. Nyie wawili mlikuwa chini ya gari lile kila siku. Nilikuwa naona miguu yenu tu."

Miaka yote hiyo nilidhani mwenye kijicho ni mimi peke yangu. Nilimwomba radhi. Akasema atafikiria.

Jumapili iliyopita aliniita nikaifunge mwenyewe. Niliifunga, magoti yakilia, naye hakuingiza mkono. Injini iliwaka mara ya pili kwa sauti ile ile uijuayo, na Mama, ambaye husema hasikii, aliisikia kutoka ndani kwa Dale akaja na mkoba wake.

"Mpeleke," Dale akasema, akanipa ufunguo.

Tulipotoka nilimwona kwenye kioo, amesimama peke yake mbele ya gereji tupu, anatutazama. Uso ule niliutambua, maana nimeuvaa tangu Baba afariki. Nilipaswa kurudi nikamchukue. Nilizunguka mtaa mara tatu ndipo nikarudi.

Gari bado ni lake. Nakueleza ukweli, bado linaniuma, hasa jioni anapolipitisha mbele ya nyumba yangu akipiga honi.

Mama anakusalimu sana, na Lorraine mke wa Dale, na wanangu wote. Nisalimie Mjomba Floyd na jirani yako Consuelo. Mungu akulinde na hiyo nyonga, na akujalie usiku wenye upepo.

Dale naye atakupigia akueleze upande wake. Msikilize, Shangazi, ila kumbuka aliyekuandikia kwanza ni nani.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye kuliko anavyokupenda yeye,
Roz