Kobe wa Mtaa wa Narung'ombe

Kariakoo, Dar es Salaam
Mwezi wa Ramadhani

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia nikiamini kwamba goti limepunguza maumivu na kwamba mahindi yamekwisha kuingia ghalani. Je, Mama bado anakohoa alfajiri? Baridi ya huko Songea naijua, naomba asitoke kabla ya jua. Mimi mwili ni mzima. Kinachougua ni jina langu, nami nimeona heri habari hii uipate kwangu kuliko kwa msafiri.

Shule zilipofungwa kwa likizo, ofisi yetu ya ustawi wa jamii iliniomba niwakusanye wanawake wa mtaa tuwapikie watoto chakula cha mchana, kwa kuwa wengi wao hutegemea uji wa shule. Hakuna anayelipwa. Tunapika katika jiko la shule, na mchele na maharage tunavipata kwa kibali cha tawi la chama. Mpishi wetu mkuu ni Bi Mwanaidi, mwenyeji wa hapa, ambaye amekuwa akipikia harusi za Kariakoo tangu sijazaliwa. Kwa kuwa amefunga, haonji anachopika. Sufuria ikichemka huniita, "Njoo uonje chumvi, wewe mwenye mdomo huru." Nilimpenda tangu siku ya kwanza, na huenda ndiyo sababu nilimtazama mno.

Unajua hali ilivyo, Baba. Redio inawataja walanguzi asubuhi na jioni, na sote tumeagizwa tuwafichue. Mtu akibeba kifurushi, macho yote yanakifuata, na yangu pia. Hivyo nilipoona kwamba kila siku, kabla watoto hawajapangwa mstari, Bi Mwanaidi hujaza bakuli kubwa la wali, hulifunika kwa kanga na kutoka nalo kwa mlango wa nyuma, sikuweza kulifumbia macho. Nilijiambia labda ana mgonjwa nyumbani. Kisha nikamsikia akizungumza na msaidizi wake, Bi Tatu.

"Shindilia, bibi. Kobe wangu leo wameongezeka."

"Wameongezeka tena? Wewe utafungwa na hao kobe wako."

"Shindilia. Na mdomo wako ufunge pia, si tumbo tu. Wakijulikana hao, wamekwisha."

Wakacheka, na waliponiona wakanyamaza. Kwetu kobe ni mnyama tu. Hapa, nilidhani, ni jina la siri la wanunuzi wa magendo. Siku iliyofuata nilimfuata kwa mbali hadi Mtaa wa Narung'ombe, nikamwona akigonga dirisha la chumba chake mwenyewe, mlango ukafunguliwa kidogo, akapenya, ukafungwa. Mtu wa kugonga chumba chake mwenyewe ana nini ndani? Nilijiuliza swali hilo kama mtu aliyekwisha kulijibu.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa tawi, Mzee Kondo. Ofisi ilikuwa na watu waliosubiri vibali, nami sikungoja watoke. Nilisema kwamba chakula cha watoto kinapelekwa kwa walanguzi wanaojiita kobe, na kwamba hujificha chumbani kwa Bi Mwanaidi.

Mzee Kondo alivua kofia yake, akaiweka mezani, akacheka hadi akafuta machozi.

"Binti, kwenu ni wapi?"

"Songea, mzee."

"Basi umesamehewa. Huku kwetu kobe ni mtu anayesema amefunga, kisha anakula mchana kwa kujificha. Ukimsogelea, kichwa ndani. Wengine hapa ninawajua, ila siwataji."

Wote wakacheka, isipokuwa fundi mmoja wa cherehani aliyekuwa karibu na mlango. Aliuliza kwa upole, "Chumba cha Bi Mwanaidi, umesema?" Kisha akaondoka bila kibali alichokuwa amekifuata.

Ndipo nilipoelewa, au nadhani nimeelewa. Wako watoto ambao nyumbani kwao hakuna chakula cha mchana, na wazazi wao, kwa kuchelea aibu, huwaambia majirani kwamba watoto wamefunga. Mtoto wa namna hiyo hawezi kusimama katika mstari wetu mbele ya mtaa mzima. Wenzake wangemzomea "kobe, kobe" hadi nyumbani, na baba yake angejulikana kuwa hana kitu. Bi Mwanaidi alikuwa akiwalisha mlango ukiwa umefungwa. Mmoja alikuwa wa yule fundi.

Kesho yake Bi Mwanaidi alirudi na bakuli likiwa limejaa; watoto hawakuja. Hakunipigia kelele.

"Mimi kunisema si neno, mwanangu. Nimesemwa na wakubwa kuliko wewe. Lakini wale watoto umewasema kwa nani?"

"Kwa nini hukuniambia, Bi Mwanaidi?"

"Nikuambie wewe, mtu wa ofisini, unayeandika kila kitu?"

Nimelifikiri jibu hilo sana. Bado naona nilikuwa na haki ya kuuliza. Sina hakika kama nilikuwa na haki ya kujijibu. Hata haya ninayokuandikia nayatilia shaka, kwa maana wali ule ulikuwa mwingi kwa watoto wachache, na sasa siwezi tena kuuliza. Nikiingia jikoni mazungumzo hukatika. Wananiita shushushu, nami siwalaumu: nilifanya kazi ya shushushu.

Jana nilimwomba Bi Mwanaidi anipe bakuli nilipeleke mwenyewe nyumbani kwa fundi. Alinipa, pamoja na kanga ya kulifunika. Niligonga mlango wa uani. Ulifunguka kwa upana wa mkono, na mkono wa mwanamke ukalipokea. Nilisema jina langu, nikaomba radhi. Mlango ukafungwa. Nilisimama pale nikisikiliza kama kuna mtoto anayekula, hadi nilipotambua kwamba kwa mara nyingine nilikuwa nikisikiliza mlangoni pa watu, nikaondoka.

Mfikishie Mama mapenzi yangu. Msalimie shangazi Skolastika anayewalea wale mapacha, mdogo wangu Deo wa seminari, na Babu mlinzi wa ghala la kijiji. Kama utaona nimekosea mahali ambapo mimi mwenyewe sijapaona, niandikie bila kunihurumia.

Ni mimi binti yako,
Bernadeta