Mgeni Hajibiwi Siku ya Kwanza

Fort Worth, 4 Machi 2018

Dada yangu mpendwa Amandine,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo wewe, na shemeji Zéphyrin, na huyo mtoto wenu ambaye kwenye picha anaonekana kama amekasirishwa na ubatizo wake mwenyewe? Sisi huku wazima. Mama amehamishiwa shifti ya mchana kule hotelini, sasa analala saa wanazolala watu. Baba anakohoa kidogo, ila anasema ni vumbi la ghalani tu.

Najua utashangaa kupata barua na simu ninayo. Kwenye simu wewe unaongea haraka, mimi nabaki kusema ndiyo, ndiyo, mpaka unakata. Wiki iliyopita uliniambia nimeichezea bahati ya familia nzima, kwamba mtoto anayefuatwa na chuo mpaka sebuleni halafu akakosa, huyo ni mvivu. Nilisema ndiyo. Lakini sivyo ilivyokuwa, dada. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu cha shule hakijui kumsema baba bila kumvunjia heshima.

Unajua kazi yangu kwenye timu ya shule, kwenye huu mpira wa Kimarekani. Sikimbii na mpira wala sigongani na mtu. Naitwa wakati wa kupiga tu, mpira upite kati ya zile nguzo mbili, kisha narudi kwenye benchi. Wenzangu wananiita Padri kwa kuwa siongei.

Mwanzoni mwa Desemba alikuja kocha wa chuo kimoja cha huko kwenu Houston. Baba alimpokea kama tulivyowapokea wakwe siku ya kukuposa wewe. Alimwita Mzee Leonce awe msemaji wetu, akavaa koti, na mimi nikakaa katikati kutafsiri. Mzee Leonce akaanza maneno yake: akamwuliza mgeni ng'ombe wamefungwa wapi, maana nje haoni kitu ila gari. Kocha alicheka, akajibu kwamba Texas ng'ombe si shida, waseme wanataka wangapi. Hapo Mzee Leonce akampenda kabisa. Akamwambia aangalie, kijana wetu hatolewi kwa mtu mwenye viatu vizuri tu. Kocha alikula mishikaki na ndizi mpaka mama akaninong'oneza kwamba hata kama huyu ni mwongo, tumbo lake ni la kweli.

Kisha akasema alichokijia. Masomo bure, chumba, chakula, miaka yote. Akaeleza kwamba sheria imebadilika mwaka huu: zamani vijana walikuwa wakisaini mkataba na chuo Februari, sasa wanaruhusiwa kuanzia tarehe ishirini Desemba, na yeye anataka jina langu siku hiyo hiyo. Nilitafsiri yote, dada. Sikupunguza neno.

Baba alimshukuru sana. Halafu akasema mgeni hajibiwi siku ya kwanza. Aende salama, arudi mara ya pili na mkubwa wake, ndipo atapewa neno. Mzee Leonce akaongeza kwamba mwanawe mwenyewe alisaini Februari mwaka juzi, na hakuna aliyekufa kwa kusubiri. Gari lilipoondoka, baba aliniambia kwamba anayeharakisha posa ana kasoro anaificha, na kwamba akina Zéphyrin walirudishwa mara tatu na leo wanatuheshimu. Nilijua hapa mambo si hivyo. Nilisema ndiyo, baba.

Baada ya siku chache kocha alinipigia. Alisema angependa kurudi, lakini kuna kipindi kinaanza ambacho makocha hawaruhusiwi kwenda kwa mtu mpaka katikati ya Januari. Kama ni kusaini, nisaini. Nikampelekea baba maneno hayo. Akasema vizuri, basi Januari, na Jumamosi hiyo akaleta kreti mbili za soda akaziweka chini ya kitanda chao. Tarehe ishirini wenzangu wawili walisaini pale ukumbini shuleni, na kofia mpya za vyuo vyao kichwani, mama zao wanalia. Mimi nilipiga makofi.

Januari ikaja na sheria nyingine. Vyuo vimeruhusiwa kuongeza kocha msaidizi wa kumi, basi kila chuo kikaanza kunyang'anya makocha wa mwenzake, na kocha wetu akachukuliwa na chuo cha mbali, jimbo jingine kabisa. Hakuaga. Kocha wa shule ndiye aliyenieleza, tumesimama karibu na basi. Alisema kwenye vikao vya chuo kile mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akinitetea, na sasa hayupo. Aliyeshika nafasi yake ana mpigaji wake, na nafasi nyingine karibu zote zilijaa Desemba. Februari ipo, baba hakukosea. Kilichokwisha ni nafasi.

Niliingia nyumbani nikamkuta baba anapiga pasi shati jeupe. Akaniuliza wale wageni wamekwama wapi. Dada, ungeona alivyokuwa anaikunjua ile kola. Nilimwambia wamenipima upya wakaona sijafika kiwango. Hivyo tu. Niliona ni heri niwe dhaifu mimi kuliko awe amekosea yeye. Alizima pasi, akakaa. Halafu akasema basi tutafanya mazoezi.

Alisema *tutafanya*. Tangu hapo kila Jumamosi akitoka ghalani, bado na buti zake, tunakwenda uwanjani. Mimi napiga, yeye anasimama nyuma ya nguzo anaokota. Jumamosi ya kwanza nilipitisha yote. Alirudi na mipira kwapani, akasema haelewi, watu hawa walikuwa na macho gani, na kwamba atachukua ruhusa kazini aje Houston kuwauliza uso kwa uso.

Niliogopa. Jumamosi iliyofuata nikaanza kukosa.

Hilo ndilo sijamwambia mtu. Nakosa makusudi, dada. Kidogo tu, mmoja kulia, mmoja mfupi, aone kwamba walikuwa sahihi. Naye ananipa moyo, ananionyesha jinsi ya kuweka mguu, mtu ambaye mchezo wenyewe hajui unahesabiwaje. Lakini jana nilitaka kupitisha. Nilitaka kweli. Mpira ukaenda kulia. Nikarudia, ukaenda kulia tena.

Baada ya Pasaka kuna chuo kidogo, huko huko Houston, kinakuja kunitazama. Baba ameshaomba siku hiyo kazini. Nikimwona nyuma ya nguzo, na uongo wangu bado uko kati yetu, najua mpira utakwenda wapi. Kwa hiyo Jumamosi hii nitamwambia ilivyokuwa, kabla sijapiga hata mmoja. Akiniacha uwanjani peke yangu, nitakuwa nimestahili. Wewe usimtangulizie neno, tafadhali.

Msalimie shemeji, na mbusu mtoto huyo mwenye hasira. Mama anauliza kama ile sufuria kubwa umeiona. Ukizungumza na baba kabla ya Jumamosi, mwulize tu mgongo. Kuinama kuokota mipira kumemwumiza, na mimi nikimwuliza anakataa.

Ni mimi mdogo wako,
Elvis